Kwaresima Isiyo na Pasaka

Emerensiana alikuwa amechoka kuulizwa mumewe anaendeleaje. Swali lenyewe halina ubaya. Mtu akiulizwa hali ya mgonjwa hujibu, hushukuru, akaendelea na safari yake. Lakini pale mtaani Katandala, mjini Sumbawanga, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, swali hilo liliulizwa kwa sauti ya chini, na muulizaji akishajibiwa alibaki amesimama palepale, akisubiri jibu la kweli lifuate. "Anaendelea vizuri, Mungu ni mwema," Emerensiana alisema, akanyanyua kikapu chake cha mboga na kwenda zake. Nyuma alijua macho yanampima upana wa mgongo. Na mgongo wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa umepungua.

Mumewe Urbano hakuzaliwa mnene. Alipomuoa alikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, mrefu, mkavu, shingo yote nje ya kola. Nani alikuwa mnene miaka ile? Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ilikatwa vipande vya kugawana, na mafuta ya kupikia watu waliyasimulia tu. Emerensiana, binti aliyelelewa kijijini huko Ufipa kwenye jembe na kinu, hakupata shida sana. Alisaga karanga akaungia maharage. Alikaanga mbegu za maboga kwenye kikaango kikavu, akazitwanga, akazinyunyiza juu ya msusa, yale majani ya maboga. Mvua zikianza alifuatana na wanawake wenzake porini kuchuma uyoga, nusu akaupika siku ileile, nusu akauanika. Watoto walikula wakalamba vidole. Yeye mwenyewe hakujisifu, maana hakuna anayejisifia umaskini.

Kisha ushirika ukayumba, makarani wakapunguzwa, na enzi za ruksa, za kila mtu na biashara yake, zikaingia. Waliokuwa na akili ya kuthubutu walithubutu. Urbano akawa mtu wa Kasesya. Alikwenda huko mpakani kwa malori, akavuka kuingia Zambia, akarudi na mafuta, sabuni, biskuti na vitenge, akauza sokoni Sumbawanga kwa watu waliokuwa na kiu ya vitu kwa miaka mingi. Nyumbani kwake mafuta yaliingia kwa madebe. Emerensiana aliyamimina mpaka maharage yakaogelea. Alikaanga kila kinachokaangika. Jumapili ilikuwa nyama, Jumatano nyama, na siku za katikati Urbano alipitia kitimoto, nguruwe wa kukaanga, na bia mbili tatu kabla ya kurudi. Kitambi kikaota. Vijana wa sokoni walianza kumwita bosi, na Emerensiana akitembea naye kwenda kanisani alijiona amefanya kazi nzuri, maana kitambi kile nusu yake kilitoka kwenye sufuria zake.

Kilimwangusha Kasesya, mchana, akiwa amesimama kwenye jua kusubiri lori likaguliwe. Walimrudisha Sumbawanga amelazwa juu ya magunia. Daktari alimwambia presha iko juu mno na moyo umechoka kubeba mzigo. Alimwandikia vidonge, lakini akasema vidonge peke yake ni kazi bure. Aache bia. Aache nyama nyekundu na mafuta, na chumvi iwe kidogo sana. Ale mboga za majani, maharage, karanga, matunda, na unga usiokobolewa. Emerensiana alisikiliza mpaka mwisho. Walipotoka nje alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyechoka. Kumbe kile chakula walichokikimbia ndicho walichoandikiwa.

Samaki aliwaza kumwachia, lakini samaki wakavu wanaopanda kutoka Ziwa Tanganyika wana chumvi inayochoma ulimi. Kuku alijaribu kumwachia, na Urbano akamaliza ngozi kabla hajagusa nyama. Basi akakata yote. Alimjua mumewe: ukimwachia aonje, ataomba kijiko, kisha ataomba bakuli.

Kazi ikawa yake. Ulezi hauna huruma. Unaupepeta, unauosha, unauanika, unauchagua mchanga, halafu mwenye mashine anakununia kwa sababu mtambo wake ameshautega kwa mahindi. Asubuhi alimpikia Urbano uji wa ulezi bila sukari, akapondea ndizi mbivu ndani yake. Mchana ugali wa ulezi kwa maharage yaliyoungwa karanga, na pembeni msusa au majani ya kunde. Jioni boga la kuchemsha, au viazi vitamu na njugu mawe, na parachichi likipatikana. Mahali pa chumvi aliweka limau, kitunguu saumu na nyanya nyingi zilizoiva. Uyoga mkavu ulirudi kwenye sufuria. Aliutumia kama anayetumia nyama, kwa kubana, vipande vichache vya kuokota kwa ugali.

Mwanzoni alipika sufuria mbili, moja ya Urbano na moja ya wengine. Baada ya muda mikono ilikataa. Nani anaweza kuwasha moto mara mbili kila siku, na mashine ya ulezi, na kisima, na shamba la Chanji? Akapika sufuria moja, wote wakala hiyo. Anjela, binti yao wa kwanza aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, alilalamika wiki moja akazoea. Urbano hakuzoea. Kila siku aliivuta sahani, akaitazama, akapiga ishara ya msalaba kwa masikitiko.

"Mama Anjela, hii ni Kwaresima isiyo na Pasaka."

"Kula, Baba Anjela. Pasaka yako ni kuamka kesho."

Na kweli aliamka. Alilala bila kuhema. Alipanda kilima cha kanisani bila kusimama njiani kujifanya anasalimia watu. Daktari alipima, akapima tena, akampa mkono. Kitambi kilishuka, kikaisha. Suruali zikafungwa kwa mkanda uliotobolewa matundu mapya, na mashavu yakaingia ndani. Emerensiana naye, aliyekuwa akila sufuria ileile kwa uvivu wa kupika nyingine, nguo zake zikamlegea.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Maana mji ulikuwa unazika. Kila wiki kengele ililia, na waliotangulia walikuwa haohao wa malori na mpakani, wanaume waliokuwa wanene mwaka juzi. Wanaanza kupungua, kisha mke naye anapungua, kisha watu wanaacha kutaja jina la ugonjwa. Sasa mtazame Urbano wa Kasesya, shingo nje ya kola, na mkewe nyuma yake. Mtu gani asingejumlisha?

Jumuiya yao ya kanisani ilisali kila wiki katika nyumba ya mmoja wao, kwa zamu, na baada ya sala wenye nyumba waliwanywesha wenzao chai. Zamu ya Emerensiana ilipofika, watu walikuja, wakasali vizuri, rozari nzima, wakaimba kwa sauti. Alipotoka jikoni na birika, mmoja alikuwa ameshakumbuka mtoto ana homa. Mwingine alisema mvua inakuja. Evodia, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye hajapata kuikimbia chai tangu azaliwe, alisema tumbo limejaa. Vikombe vilibaki mezani, visafi, vimepangwa. Emerensiana alivirudisha kabatini bila kuviosha, na huo uchungu hakuwahi kumweleza mtu.

Kesho yake Evodia alikuja kwa nia njema. Hakuna kitu kinachochosha kuliko nia njema ya Evodia.

"Shoga yangu, watu wanasema shemeji amekanyaga miwaya, eti ana ugonjwa huu wa siku hizi. Mimi nimewakatalia."

"Ni presha, Evodia. Hata daktari anajua."

"Ndiyo, presha," Evodia alisema kwa upole. "Lakini mjomba wangu alikufa na presha, na alikufa mnene."

Ungemjibu nini? Kila mtu alijua watu wa presha ni wanene. Mwenye presha aliyekonda hakuwahi kuonekana Katandala. Walikuwa wamepimwa ugonjwa ule wote wawili, Emerensiana mwenyewe ndiye aliyedai, maana naye hakuwa mjinga na Kasesya aliijua kwa kusikia. Wakaonekana wazima. Lakini utasimama sokoni utangaze? Anayetangaza kwamba hana ndiye watu wanayemwamini kwamba anao.

Yeye angevumilia. Lililomkosesha raha ni la Anjela. Binti alikuwa ameposwa na Zenon, kijana wa mtaa wa Chanji anayeuza vipuri, mpole, wa kanisani. Mshenga, mzee Sebastiani, alishakuja, mazungumzo yakaisha vizuri, na harusi ikapangwa baada ya mavuno. Mavuno yakapita, upande wa Zenon wakasema tusogeze kidogo. Wakasogeza. Wakaomba tena kusogeza, na safari hii hawakutoa sababu. Zenon mwenyewe akiulizwa alitazama viatu vyake. "Mama anasema tusubiri," alisema, na hapo Anjela aliacha kuuliza.

Jioni moja Urbano aliisukuma sahani ya boga mpaka katikati ya meza.

"Miezi miwili tu, Mama Anjela. Nirudishie nyama na mafuta yangu. Uso ukishajaa, nimwoze mwanangu, halafu narudi kwenye majani yako mpaka kufa."

"Na ukianguka ukumbini?"

"Nitakuwa nimeanguka mnene. Angalau watajua ilikuwa presha."

Emerensiana alikasirika. Miaka mitatu ya kupepeta ulezi, na mtu anataka kuitupa apate mashavu ya kupigiwa picha! Alimwambia hivyohivyo, kwa sauti ambayo Evodia lazima aliisikia. Anjela, aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni, aliyafunga akaenda kulala. Lakini kesho yake Emerensiana alikuta jikoni kopo kubwa la mafuta, jipya, limewekwa karibu na mafiga.

Alikaa kwenye kigoda akalitazama. Hakumlaumu binti. Alilivuta, akashika kisu, akaingiza ncha chini ya kifuniko. Kifuniko kimoja tu, nao watu wangerudi kunywa chai, na binti angeolewa, na yeye angepumzika kupepeta ulezi. Alikuwa amechoka kiasi hicho. Alifikiria Urbano akihema usiku kama zamani, na yeye macho, akihesabu pumzi za mtu mwingine. Akatoa kisu. Kopo alilisukuma chini ya kabati, akaloweka maharage.

Wiki ile mzee Sebastiani alileta habari: mama yake Zenon, Kristiana, atakuja Jumapili baada ya misa. Anakuja yeye mwenyewe, kuzungumza na mama mwenzake. Ndani ya nyumba wote wanne, maana na mshenga alishaonekana kuelewa, walijua mama wa kijana haji mwenyewe isipokuwa kwa kuvunja. Mambo mema hupitia kwa mshenga.

Anjela alinunua kuku akamkaanga, na safari hii mama yake hakumzuia, mgeni ni mgeni. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Sumbawanga imeshika mji tangu alfajiri, na Urbano akapata wazo. Emerensiana alipoingia chumbani kumharakisha alimkuta amevaa sweta, na juu yake sweta la pili, na juu yake koti la harusi yao. Alikuwa mbele ya kioo, akijigeuza upande, akivuta tumbo mbele.

"Naonekanaje?"

Alitaka kucheka. Alitaka pia kukaa kitandani alie. "Unaonekana mtu anayesikia baridi," alimjibu, akamfunga kifungo cha koti.

Kristiana alifika na mzee Sebastiani, kitenge kipya, kilemba kimefungwa vizuri. Alikuwa mwanamke wa umri wa Emerensiana, mwenye mwili, ila macho yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Mama Zenon. Baba Zenon hajambo?"

"Ana mafua," Kristiana alisema haraka. Mumewe Adolfu alikuwa dereva wa malori, na Emerensiana hakukumbuka mara ya mwisho kumwona kanisani.

Anjela alipiga goti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu," na mkono wa Kristiana ukabaki begani kwa binti muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Chakula kikaandaliwa. Kuku aling'aa katikati ya meza. Pembeni, kwenye bakuli lenye mfuniko, kulikuwa na chakula cha Urbano: maharage ya karanga, msusa wa mbegu za maboga, uyoga, na ugali wa ulezi umefunikwa kwa kitambaa. Mzee Sebastiani alijihudumia paja. Urbano, jasho linamtiririka ndani ya masweta mawili, alizungumza juu ya barabara ya Kasesya kwa sauti kubwa ya mtu mzima wa afya.

Kristiana alipitisha macho juu ya kuku. "Samahani," alisema, "naomba nile anachokula Baba Anjela."

Anjela aliinamisha kichwa. Emerensiana alimpakulia, mkono mzito, akiwaza kwamba huyu mama amekuja kuchunguza mpaka sahani. Kristiana alikula polepole. Alichota msusa akautafuna, akafikiria, akachota tena. Alinusa uyoga. Hakuacha kitu. Kisha akasema anataka kumsaidia mwenye nyumba kutoa vyombo, na wote wawili wakaingia jikoni, na Kristiana akasukuma mlango kwa kisigino.

Sasa, Emerensiana alijiambia. Sema, uende.

"Mama Anjela, nisamehe," Kristiana alisema. "Nimewaweka roho juu hapa. Watu wamesema nasogeza harusi kwa ajili ya mumeo, nami nikaacha waseme. Si kwa ajili ya mumeo. Ni kwa ajili ya wangu." Alishika ukingo wa meza. "Amepungua tangu mwaka jana. Hatoki. Nilikuwa naogopa mkija nyumbani kwetu mtamwona, mtamzuia binti yenu. Zenon ni mzima, nakuapia, yule hana hatia yoyote."

Emerensiana aliweka vyombo chini.

"Lakini wako," Kristiana aliendelea, na sauti ikashuka mpaka ikawa pumzi, "watu wanasema anao miaka mitatu sasa. Na anatembea. Leo nimemwona kilimani hahemi. Nimesikia unampikia. Naomba nifundishe, dada. Chochote unachompa, nifundishe na mimi."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Emerensiana. Wangu ana presha tu. Maneno machache, na mwanamke wa pekee ambaye alitaka ayasikie amesimama mbele yake, mlango umefungwa. Angeyasema, jina la Urbano lingetakata mpaka Chanji, na chai ingenywewa. Na Kristiana angebaki peke yake pale jikoni na wake, baada ya kuvua siri yake yote mbele ya mtu ambaye kumbe hayumo.

Alimeza maneno yale. Yalishuka kwa shida.

"Kaa," alisema, akamvutia kigoda. "Kwanza sikiliza. Hiki ni chakula, si dawa. Hakiponyi ugonjwa wowote, na mtu asikudanganye. Hospitali mpeleke, usimfiche, mficha mgonjwa anajichosha bure. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ana vidonda mdomoni?"

Kristiana alifunika uso kwa ncha ya kitenge. Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi limau acha. Ulezi upike uji mwepesi, saga karanga ziwe laini kabisa, koroga ndani. Boga lipondeponde. Maharage loweka usiku, maji yake mwaga, chemsha mpaka yapasuke, uyachuje maganda. Ndizi mbivu na parachichi, kijiko kimoja kimoja, mara nyingi kwa siku. Asipomaliza usimgombeze." Alisimama, akafungua vikopo. Alimfungia unga wa ulezi, mbegu za maboga na uyoga mkavu. Kisha akainama chini ya kabati akavuta kopo la Anjela. "Na haya mafuta chukua. Wako anahitaji kunona. Tia kidogo kwenye uji."

"Na Baba Anjela?"

"Yeye hatumii."

Kristiana alilia bila sauti, akanawa uso kwenye ndoo. Kabla ya kutoka alimshika Emerensiana mkono kwa mikono yake miwili. "Harusi mwezi ujao," alisema. "Adolfu aione."

Walipoondoka, Urbano alianguka kwenye kiti, koti limelowa mgongoni. Anjela alikuwa ameshakimbia kwa Zenon.

"Umemweleza?" Urbano aliuliza. "Umemweleza kwamba ni presha?"

Emerensiana aliketi, akavua viatu. Miguu ilimuuma yote. Alimsimulia, taratibu, kila kitu. Mumewe alisikiliza akitazama mlangoni.

"Kwa hiyo mama mkwe wa mwanangu anaamini mimi ninao."

"Anaamini hivyo."

"Na Chanji nzima itaamini."

"Huyo hatasema. Ila ndiyo, yeye anaamini hivyo. Anaamini unao, na bado unaishi."

Urbano alifungua koti. Alivua sweta la juu, akalikunja magotini, kisha akavua na la pili. Alikaa na shati lake, shingo yote nje ya kola kama karani wa ghala. Akavuta bakuli lenye mfuniko, akakuta Kristiana hajaacha kitu.

"Kuna boga?" aliuliza.

"Nakupikia," Emerensiana alisema, akainuka tena.